Simba wa The Lion King: mtoi aliyechezwa na anko, akahepa, akarudi akiwa arap Mufasa

Kama kwenu kulikuwa na TV, ama jirani alikuwa na TV na roho safi, basi Simba unamjua. Mimi nilimwona mara ya kwanza kwa nyumba ya jirani, laini ya pili, kwa shamba la majani chai ambapo mathe alikuwa anachuma huku Kericho. Watoto kama ishirini tumejazana chini, TV ya inchi 14, DVD imekwaruzwa mpaka inakwama pale tu nyumbu wanaanza kushuka korongoni. Mwenye TV anaitoa, anaipanguza na shati, anairudisha. Tulikaa dakika tano mzima bila kujua kama Mufasa atapona. Hakupona.

Sasa shida ni hii: wengi wetu tunamkumbuka Simba vibaya. Uliza msee yeyote kwa stage akupe hiyo stori, atakuambia mtoto wa mfalme aliuliwa baba na anko wake, akahepa, akakuwa mkubwa, akarudi akampiga anko. Hakuna uongo hapo. Lakini kuna kitu kimoja kimerukwa, na hicho ndicho kinafanya Simba awe zaidi ya katuni ya kunguruma. Kuna jambo ambalo Simba hakulijua wakati alikata shauri kurudi nyumbani. Shika hiyo kwanza, tutafika.

Rekodi kwa haraka

The Lion King ilitoka 1994, kazi ya Walt Disney, ikaongozwa na Roger Allers na Rob Minkoff. Sauti ya Simba akiwa mdogo ni Jonathan Taylor Thomas, akiwa mkubwa ni Matthew Broderick. Mufasa ni James Earl Jones na ile sauti yake ya kutetemesha vikombe, Scar ni Jeremy Irons. Muziki wa Hans Zimmer ulibeba Oscar, na wimbo mmoja wa Elton John na Tim Rice ukabeba nyingine. Mwaka 2019 Jon Favreau aliitengeneza upya na kompyuta, Donald Glover akiwa Simba na Beyoncé akiwa Nala. Halafu 2024 ikaja Mufasa: The Lion King ya Barry Jenkins, inayorudi nyuma kuonyesha baba alitoka wapi.

Kabla ya kuchora, watengenezaji walikuja Kenya kujionea, na moja ya mahali walienda ni Hell's Gate, Naivasha. Yaani ukipanda matatu Kericho ukielekea Nairobi, ukipita Nakuru na Gilgil, ukifika Naivasha uko karibu na kwao Simba kuliko mtoto yeyote wa Marekani.

Majina nayo ni yetu, na hapa sisi tulikuwa na raha ambayo wao hawakupata. Simba ni simba, Rafiki ni rafiki. Sarabi ni mazigazi, yale maji unaona mbali kwa barabara jua likiwaka na ukifika hakuna kitu. Shenzi haihitaji maelezo. Pumbaa ni kuduwaa kama mtu amesahau kwao. Na kwa ile ya 2024 unajua kuwa Scar, kabla ya kupata kovu, aliitwa Taka. Mtoto umemwita Taka halafu unashangaa amekuwa na chuki.

Watu husema stori yenyewe imekopa kwa Hamlet ya Shakespeare na kwa Yusufu na Musa wa Biblia, na ni kweli inafanana. Lakini ukiiangalia vizuri ni ngano tu, ile kogo alikuwa anakupa jioni ukingoja kimyet iive: mtoto ameambiwa asiende mahali fulani, mtoto akaenda.

Ujinga wake ulikuwa wa aina gani

Watu wanamwita Simba mdogo mjinga. Mimi nakataa kidogo. Kuna ujinga wa kichwa na kuna ujinga wa roho, na wake ulikuwa wa roho. Angalia vile Scar anamcheza mara ya kwanza. Hamwambii aende kwa makaburi ya ndovu. Anamwambia asiende, halafu anaongeza kidogo tu kwamba huko ni kwa simba majasiri pekee. Kisha anajifanya amekosea kusema, ati aki nimeropokwa, usimwambie baba yako. Hapo mchezo umeisha. Mtoi anaondoka akidhani wazo ni lake.

Na fikiria jambo lingine ambalo Mmarekani halioni. Sisi tunamwita Scar anko kwa sababu muvi inasema hivyo, lakini kwa Kiswahili ndugu mdogo wa babako ni baba mdogo. Kwa boma nyingi huku Bomet na Kericho, baba mdogo akikutuma unaenda, hauulizi. Akisema ngoja hapa, unangoja. Sasa huyu mtoto alifanya kosa gani kumwamini mtu ambaye nyumba nzima inamwita baba? Ujinga wa Simba ni kudhani kwamba kila mtu mkubwa kwa familia anamtakia mema. Hiyo hata wewe ulikuwa nayo mpaka siku ulinyimwa shamba.

Lakini ana kasoro zake pia, tusimwoshe sana. Ya kwanza ni kiburi. Babake anampeleka juu ya mwamba asubuhi, anamwonyesha ufalme wote, anamwambia kuwa mfalme ni zaidi ya kufanya unachotaka. Simba anasikia neno moja tu: mfalme. Siku hiyo hiyo anaimba wimbo mzima wa vile hatangoja, vile hakuna atakayemwambia fanya hivi wala usifanye hivi. Zazu, yule ndege anayetumwa kumchunga, anamwambia kwa mwendo huo utakuwa mfalme wa hovyo. Ni kama wale majamaa wanapanga gari watakayonunua na bonasi ya majani chai na bado ni mwezi wa pili.

Ya pili ni kujionyesha mbele ya Nala. Anafika kwa makaburi, anacheka hatari usoni, fisi wanatokea, anajaribu kunguruma na inatoka sauti ya paka amekanyagwa. Hiyo sauti ikumbuke, maana Scar ataitumia.

Nyayo

Baada ya Mufasa kuwaokoa kuna tukio fupi ambalo ukiwa mtoto unalipita. Mufasa anamwita Simba. Simba anatembea kuelekea kwa babake akiwa ameinamisha kichwa, na mguu wake unaingia kwa alama ya mguu wa babake kwa matope. Anasimama, anaangalia. Mguu wake hata haujai robo ya ile alama.

Hakuna mtu anasema kitu. Na hapo ndipo kukua kwake kunaanza, kwa sababu ni mara ya kwanza anaona kuwa hiyo nafasi anayoitaka kwa nguvu ina ukubwa. Halafu anamwambia babake alitaka tu kuwa jasiri kama yeye, na Mufasa, jitu zima, anakubali kwamba leo aliogopa. Aliogopa kumpoteza. Simba anashangaa: kumbe hata wafalme huogopa? Weka hiyo akilini. Mtoto amepewa somo la maana kabisa la muvi nzima na bado hajafikisha nusu saa, lakini bado ni mdogo na hakuna mahali pa kuliweka.

Babake anamalizia kwa kumwonyesha nyota, anamwambia wafalme wa zamani wako kule juu wanamwangalia. Tutairudia.

Korongoni

Mara ya pili Scar anamcheza kwa kutumia kitu kizuri. Anamweka korongoni, anamwambia babako ana sapraizi, ngoja hapa juu ya jiwe, na ukingoja fanyia mazoezi hako kanguruma kako kadogo. Umeona? Amechukua aibu ya juzi na mapenzi ya mtoto kwa babake, akazifunga pamoja zikawa kamba. Simba anakaa kwa jiwe akingurumia kinyonga. Ananguruma vizuri hatimaye, sauti inarudi kwa korongo, na wakati huo huo ardhi inaanza kutetemeka. Kwa akili ya mtoto, ni yeye amewaita hao nyumbu.

Hao nyumbu walitengenezwa na kompyuta na ikachukua watu wa Disney zaidi ya miaka miwili, kwa kipande cha dakika chache tu. Sisi huku hatukuhitaji kompyuta. Bomet imepakana na Narok, na mto Nyangores unaopita hapo Bomet mjini ni mmoja wa mito inayoungana kuwa mto Mara. Maji ambayo nyumbu wanaruka ndani yake kwa picha za watalii yamepita kwetu kwanza. Mzee wangu, akitazama hiyo sehemu, huwa haangalii simba hata kidogo. Anahesabu nyumbu.

Mufasa anamwokoa mtoto, anapanda ukuta wa korongo, Scar anamwachilia. Simba haoni hiyo sehemu ya mwisho. Anaona tu babake akianguka. Anashuka, anajaribu kumwamsha, anaingia chini ya mkono wake. Scar anatokea na kusema maneno machache sana: umefanya nini, mamako atasema nini, hepa na usirudi. Simba anasema ilikuwa ajali. Swali lake ni moja tu, atafanya nini sasa. Mtoto wa kiburi wa asubuhi angebisha. Huyu wa jioni ameshakubali kosa kabla ya kusomewa.

Hapa ndipo ujinga wake unageuka kuwa kitu kingine. Kabla, alikuwa anaamini watu sana. Sasa anaamini uongo mmoja tu, kwamba yeye ni muuaji, na ataubeba mpaka mwili ukue kuuzunguka.

Hakuna matata ni ya watalii

Wacha tuseme ukweli, Kenya hatubongi hivyo. Mtu akikukanyaga kwa matatu haumwambii hakuna matata. Unamwambia hakuna shida ama hakuna noma, ama unamwangalia tu vibaya. Hakuna matata ni ya hoteli za Pwani, ni ya Jambo Bwana ya Them Mushrooms ya 1982, ni ya kumkaribisha mgeni ambaye ataenda wiki ijayo. Disney waliomba kuisajili kama alama yao mwaka huo huo wa 1994, wakapewa 2003, na mwisho wa 2018 watu wakaamka kwa mtandao na kukasirika. Hasira yenyewe ilikuwa halali. Lakini mimi nadhani muvi ilipata kitu sawa bila kujua: ile falsafa ambayo Simba anafundishwa msituni ni lugha ya mgeni. Ni ya mtu ambaye hajafika kukaa.

Timon na Pumbaa sio watu wabaya. Walimtoa jangwani tai wakiwa tayari wamefika. Wakampa chakula, hata kama ni wadudu. Wakampa mbogi. Hawakumuuliza maswali, na kuna wakati kwa maisha msee asiyekuuliza maswali ndiye anakuokoa. Shida ni wakati hiyo inakuwa mwaka, halafu miwili.

Ile sehemu wanavuka gogo wakiimba, Simba anaanza akiwa mdogo na anamaliza akiwa na manyoya shingoni. Ukiwa mtoto unadhani hapo ndipo amekua. Sivyo. Amenenepa tu. Ushahidi ni miwili.

Wa kwanza: usiku wamelala nyasini wakiangalia nyota. Timon anasema ni vimulimuli vimenasa huko juu. Pumbaa, na hii hunichekesha kila mara, ndiye anasema ni mioto ya gesi iko mbali sana, na ndiye yuko sahihi. Simba anabembelezwa aseme yake. Anasema kuna mtu alimwambia ni wafalme wa zamani wanatuangalia. Wenzake wanacheka mbavu. Na Simba anacheka pia. Anacheka maneno ya babake, halafu anainuka anaenda peke yake. Hajasahau. Amejifunza tu kucheka juu yake.

Wa pili: Nala anakuja kuwinda, anamfukuza Pumbaa, Simba anaingilia, wanapigana. Nala anamwangusha na kumbana chini vile vile alikuwa anambana wakiwa watoi. Hiyo ndiyo inamfanya Nala ashangae na Simba amtambue. Muvi inakuambia wazi: huyu jamaa mwenye manyoya na misuli bado ni yule yule wa makaburi ya ndovu. Dem amekaa nyumbani akila shida, akiwinda mahali hakuna wanyama, na amekuwa mkali. Yeye amekula viwavi na kulala.

Nala anampa ripoti. Scar amealika fisi, hakuna maji, hakuna chakula, mamako anateseka. Simba anasema siwezi kurudi, hauwezi kuelewa. Nala anauliza nini. Simba anajibu hakuna kitu, hakuna matata. Anatumia ule wimbo kama kufuli.

Mimi hiyo naijua. Nilitoka chuo mwaka wa pili. Jina la chuo halina maana, hawakunikosea. Mzee alikuwa ametuma ada kutoka kwa bonasi ya majani chai ya kashamba ketu Bomet, na mimi nikaiweka kwa biashara fulani ya mtandaoni ambayo ingezaa mara mbili kabla ya mtihani. Haikuzaa. Nikakaa Rongai mwaka mmoja na nusu na majamaa wawili kwa chumba kimoja, watu wazuri kabisa, hakuna aliyeniuliza mbona siendi darasani. Nikipiga simu nyumbani naulizwa masomo iko aje. Iko fiti, mzee. Hakuna shida.

Arap nani

Sasa Rafiki. Watu wanamchukulia kama nyani wa vichekesho, lakini kwa mtu wa Kipsigis huyo mzee anafahamika. Kijana akitahiriwa huwa anatengwa kwa muda na wazee wa kumfunza, wanaitwa motirenik. Yanayofundishwa huko hayaandikwi kwa tovuti na mimi sitayaandika. Lakini nje kila mtu anaona matokeo: kijana anaingia na jina la utoto, anatoka na jina la baba. Arap ni mwana wa. Mzee Moi, babake aliitwa Kimoi, ndiyo akawa arap Moi. Hapa Kericho tulikuwa na Taaitta arap Toweett, mwanasiasa na msomi wa lugha. Hilo jina sio la kujipamba. Linasema wewe ni wa nani, na kwa hivyo nani ataaibika ukikosea.

Simba alitengwa, ndiyo, lakini bila motirenik. Alikaa porini miaka na hakuna aliyemfunza kitu. Alipata kutengwa bila kufunzwa, na ndiyo maana alitoka na mwili wa mtu mzima na jina la mtoto. Rafiki anapomkuta, Simba anauliza wewe ni nani, na mzee anamgeuzia swali: wewe ndiye nani? Simba anasema alidhani anajua, sasa hana uhakika. Rafiki anamwambia mimi nakujua, wewe ni mtoto wa Mufasa. Arap Mufasa, kwa kifupi. Anampeleka kwa maji ajiangalie. Mara ya kwanza Simba anaona tu sura yake, anavunjika moyo. Angalia tena. Mara ya pili anaona ya babake ndani ya yake.

Kisha ndio Mufasa mawinguni, na kisha ile fimbo. Rafiki anamgonga kichwani, Simba analia mbona umenipiga, mzee anasema haina maana, imeshapita. Anarusha tena, na safari hii Simba anainama. Darasa zima limeisha kwa fimbo mbili: yaliyopita yanauma, lakini unaweza kuhepa ama unaweza kujifunza. Simba anaitupa ile fimbo na kukimbia kuelekea nyumbani.

Kile kitu tuliruka

Hapa ndipo nilikuambia ushike. Wakati Simba anakimbia kurudi, hajui kuwa Scar ndiye alimuua Mufasa. Hakuna aliyemwambia. Babake mawinguni hakumwambia. Nala hajui. Rafiki hakusema. Simba anarudi nyumbani akiamini bado kwamba yeye ndiye alimuua babake, na kwamba mamake akijua atamchukia. Anarudi hivyo hivyo.

Hiyo inabadilisha muvi nzima. Kama angeambiwa ukweli kwanza, kurudi kungekuwa kulipiza kisasi tu, muvi ya kawaida ya ngumi, ile ambayo DJ Afro angeitafsiri na tufurahi. Lakini Simba alikua kabla ya kusafishwa jina.

Na tazama kinachotokea akifika. Mtu wa kwanza kumwona ni Scar, na Scar anadhani ni Mufasa, karibu azimie. Mamake anamwita Mufasa. Wote wanaona baba kwanza. Simba anamwambia mamake hapana, ni mimi. Ana nguvu, ana Nala, ana jina. Scar hawezi kumshinda kwa meno, kwa hivyo anarudia silaha ile ya zamani: anamwambia waambie basi, nani alisababisha kifo cha Mufasa?

Simba anasema ni mimi. Mbele ya simba wote, mbele ya mamake. Sarabi anamwomba aseme sio kweli. Anasema ni kweli.

Muvi ingeisha hapo na bado angekuwa amekua. Yale mengine, Scar kumsukuma mpaka ananing'inia mwambani, kumnong'onezea ukweli kwa sababu ya kiburi, Simba kuruka na kumlazimisha aseme kwa sauti, hiyo ni haki kutendeka. Ni tamu, tunaihitaji. Lakini ushujaa ulikuwa kwa lile jibu la kwanza.

Na ujinga wake je, umeenda? Karibu. Akimshinda Scar hamuui, anamwambia hepa na usirudi, maneno yale yale aliyoambiwa yeye. Scar anajifanya anaondoka, anamrushia makaa ya moto usoni. Simba bado alimwamini kidogo. Tofauti ni kuwa safari hii alikuwa anamwangalia. Mwisho wa Scar unaletwa na fisi, wenyewe aliowasingizia dakika chache kabla.

Mimi nilirudi Desemba, ndugu yangu mdogo akiwa anatoka kwa tohara, akipata arap yake. Nilimpata mzee shambani, nikamwambia kati ya mistari ya majani, bila kuzunguka, kuhusu ada na mwaka mmoja na nusu. Hakuniangalia. Alichuma labda dakika kumi. Halafu akanipa kikapu na kunionyesha mti, akasema maliza mpaka pale, gari la kiwanda linapita saa nane. Bado ananidai. Nalipa kidogo kidogo, na pesa za kuandika vitu kama hivi.

Sio kila mtu anarudi hivyo rahisi, ni vizuri kusema. Huku Kericho ukoo wa Talai, ambao mnyama wao ni simba, uliondolewa na serikali ya kikoloni kwa sheria ya mwaka 1934, ukapelekwa Gwassi kando ya Ziwa Victoria. Waliporuhusiwa kurudi, karibu na uhuru, hawakupata mwamba wao ukiwangoja. Ardhi ilikuwa imeshapandwa majani chai, na mwaka 2022 wao na Wakipsigis wengine walipeleka Uingereza kwa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Kwa katuni mvua inanyesha na nyasi zinarudi kwa dakika moja.

Akiwa baba

Wengi hawajatazama The Lion King II: Simba's Pride ya 1998, na ni hasara, kwa sababu inamwonyesha Simba akifeli. Ana binti, Kiara, na anamchunga kama mlinzi wa benki. Yule aliyehepa Zazu sasa anawatuma Timon na Pumbaa wamfuate mtoto. Kuna kijana anaitwa Kovu, ambalo kwa Kiswahili ni Scar hasa, mtu wa Disney alifungua kamusi siku hiyo. Zira amemlea alipize kisasi. Kovu anabadilika, lakini Simba anashambuliwa, anadhani ni mpango wa Kovu, na anamfukuza bila kusikiliza. Mtu aliyefukuzwa kwa kosa asilofanya anamfukuza mwingine kwa kosa asilofanya. Ni Kiara anayesimama katikati ya vita na kumwambia babake wale na sisi ni kitu kimoja.

Kama unataka kuanza, anza na ya 1994, usianze na ya 2019. Wale simba wa kompyuta ni wazuri lakini nyuso hazisogei, na Simba bila uso wa aibu pale kwa nyayo za babake sio Simba. Ya 2024 iache ya mwisho, ukishamjua mtoto ndipo baba anakuwa na uzito.

Mzee wangu nilimwekea kwa simu Krismasi iliyopita, simu imeegemea chupa ya chai. Alitazama yote bila neno, hata vita. Ilipoisha aliuliza swali moja tu: huyo mamake alikuwa anakula nini miaka hiyo yote? Nikamwambia Scar alikuwa anawatuma kuwinda na hakukuwa na kitu. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema haya, rudisha nyuma, pale kwa nyumbu, nilipotewa na hesabu.